Mwalimu Aliyeamua Peke Yake

Baridi ya Mbinga mwezi wa Julai haina adabu. Inaingia bila hodi, inavuta kiti, inakunywa chai yako kabla hujaigusa. Ndiyo maana Jumamosi ile soko la mitumba lilikuwa limefurika, kila mtu kazamisha mikono kwenye rundo la makoti kama anayetafuta pete iliyoanguka kisimani.

Siwema alikuwa ameshapata lake. Koti refu jeusi, sufu nzito, vifungo vyote kamili, halina hata harufu ya bohari. Akavuta mkono wa koti. Halikuja. Akavuta tena kwa nguvu ya mwanamke aliyekulia kuvuta nyavu na wajomba zake kule Liuli. Halikuja. Alipoinua macho aliona kwamba mkono wa pili wa koti umeshikwa na mwanaume mrefu, mwembamba kama mche wa kahawa uliokosa mbolea, kavaa shati jeupe la mikono mifupi, meno yanagongana.

"Kaka, achia koti langu."

"Lako? Limeandikwa jina, dada?"

"Nimeliona kwanza."

"Sawa. Hebu tuseme wewe ndiye mimi. Umeshuka kwenye basi sasa hivi, umetoka Dar es Salaam na shati hili, hapa kwenyewe umepasahau maana uliondoka bado mdogo. Ungefanyaje?"

"Ningetafuta koti jingine."

Muuza mitumba alicheka mpaka akakaa juu ya bidhaa zake. "Jamani oaneni basi, mlivae kwa zamu!"

Siwema hakuwa na muda wa utani. Alikuwa na gauni la kitenge cha kijani, mabuti ya mpira yenye matope ya kiwandani, nywele zimesukwa mistari imenyooka kama matuta ya shule, na uso ambao wafanyakazi wake walikuwa wakiuona wanazima simu. Akakaza macho. Yule mwanaume akaachia koti, akatabasamu, na hapo ndipo Siwema alipoona mwanya. Mwanya mwenyewe ule wa kumfanya mtu asahau alichokuja kununua. Alilipa haraka, akaondoka bila kuaga, na alipofika kona aligeuka nyuma mara moja tu. Basi, mbili.

Jumatatu mwenye mwanya alikuwa ofisini kwake, amevaa sweta la njano lenye picha ya bata.

Siwema alikuwa meneja wa kiwanda cha kukoboa kahawa pale mjini, kile wanacholeta kahawa wakulima wa Matiri, Litembo na Mapera. Mnyasa wa ziwani, Mwanglikana, mwanamke, juu ya Wamatengo Wakatoliki wa milimani ambao wamezaliwa wanajua kahawa. Alijua wanamsema. Kwa hiyo alikuwa ameamua mapema kwamba wasipompenda, wamwogope. Aliamrisha, alifoka, alihamisha watu kama vikombe mezani. Wafanyakazi wazuri wakaanza kuacha kazi mmoja mmoja.

"Huyu anaitwa Damiano," alisema Mzee Wilfred, mwenyekiti wa bodi. "Ni kijana wetu wa Litembo. Ni kocha."

"Wa Simba au wa Yanga?" aliropoka mlinzi kutoka mlangoni.

"Kocha wa mameneja," alisema Mzee Wilfred. Kisha akamtazama Siwema kwa upole wa daktari mwenye sindano. "Atakuwa nawe msimu huu wote, mwanangu. Bodi imeona hivyo."

Siwema alihisi masikio yanawaka. Kwa hiyo ameletewa mtu wa kumfundisha kazi, na mtu mwenyewe ana bata kifuani.

Lakini Damiano hakufundisha. Aliuliza tu. "Wewe unaonaje?" "Ungewauliza wenyewe wangesemaje?" "Mara ya mwisho ulikosea lini, na nani alikwambia?" Wiki ya kwanza Siwema alitamani kumtumbukiza kwenye mashine. Wiki ya pili aligundua kwamba akiulizwa, majibu anayo.

Ndipo Damiano akamweleza habari ya sengu. Kwa babu yake Litembo, ukoo mzima ulikusanyika kula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake, na pale pale penye chakula ndipo mambo yaliposemwa, ugomvi wa mpaka, shamba la kulima, kijana mlevi. Mkubwa alikuwa wa kwanza kunawa na wa mwisho kusema.

"Wa mwisho?" aliuliza Siwema.

"Akisema mapema, wengine wote watarudia maneno yake."

Wakaianza Ijumaa kiwandani. Kila mtu na chakula chake, meza moja ndefu, meneja kwenye benchi kama wengine. Ijumaa ya kwanza kilichosikika ni kutafuna tu. Baadaye Aurelia, msimamizi wa akina mama wanaochambua kahawa, mwanamke mwenye ulimi usiojua breki, akasema, "Meneja, tunachambua gizani. Tupeleke meza dirishani tuone tunachotupa." Kitu kidogo hivyo. Siwema alikuwa ameshafungua mdomo aseme haiwezekani, akakumbuka, akaufunga. Meza zikahamia dirishani. Kahawa mbovu ikapungua kwenye magunia, na akina mama wakaanza kuimba.

Na mapenzi? Yaliingia kama baridi ile ile, bila hodi. Mwanzoni ilikuwa simu za kazi. Halafu za kazi na salamu. Halafu kazi ikasahaulika.

"Meneja."

"Mwalimu."

"Umekula?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona umekula samaki peke yako, hukunialika."

"Mmatengo na samaki wapi na wapi? Mwiba utakukaba, nani atanijibia mbele ya bodi?"

"Nifundishe kula, mpenzi."

 Neno lilikuwa limetoka, halirudi.

"Umesemaje?" aliuliza Siwema, ingawa alisikia vizuri sana.

"Nimesema samaki."

Siku iliyofuata Siwema alimpikia samaki aina ya mbasa kwa nyanya na pilipili, akamtolea miiba kwa vidole vyake mwenyewe, na Mmatengo akala mpaka akalamba sahani. Baada ya hapo mji mzima ulijua, maana Mbinga ukikohoa sokoni, stendi wanakwambia pole.

Sasa huko ndiko shida ilikokuwa inawasubiri.

Kocha alikuwa amewaahidi wafanyakazi jambo moja: mtu akimweleza neno faragha, linabaki kwake. Halifiki kwa meneja wala kwa bodi. Mmoja aliyemwamini ni Stephano, mwendesha mashine ya kukoboa, mzee mwenye heshima zake, ambaye alimwambia kwa sauti ya chini kwamba macho yake yanazidi kuingia ukungu. Anaficha. Anaogopa kufukuzwa.

Na Siwema hakuambiwa. Alijionea mwenyewe. Jumamosi moja alikuwa akipita karibu na kanisa, kajifunga koti lake refu jeusi mpaka shingoni, akakutana uso kwa uso na Stephano. Mzee akavua kofia, akainama.

"Tumsifu Yesu Kristu, padri."

Siwema alipigwa na butwaa. Mzee alikuwa umbali wa mkono tu. Akaona akijitambulisha atamvunjia heshima barabarani. Akaizamisha sauti yake hadi tumboni, akaitikia, "Milele, amina," akapita.

Njia nzima alikuwa anauona mkanda wa mashine ukizunguka na mikono ya Stephano kando yake. Kwa hofu hiyo, Jumatatu asubuhi alirudia maradhi yake ya zamani. Alisimama mbele ya watu wote akatamka, "Mzee Stephano, kuanzia leo uko ghalani. Mashine ataishika mwingine." Hakumwita pembeni, hakumuuliza, hakueleza. Alidhani anamsitiri.

Stephano aligeuka taratibu kumtafuta Damiano kwa macho ambayo hayakuwa yakiona vizuri. Watu wote wakageuka naye.   Kwao, siri ya mzee ilikuwa imetoka kwa kocha ikaingia kwa meneja, na njia iliyopitia kila mtu aliijua.

Ijumaa meza ndefu ilitandikwa. Siwema akakaa kwenye benchi na sufuria yake, akangoja. Hakuna aliyekuja na chakula. Walikuja wakasimama ukutani, mikono mitupu, wakamtazama. Kisha mashine zikazimwa, na kiwanda kikanyamaza katikati ya msimu.

Damiano, aliyekuwa amemkwepa tangu Jumatatu, alimfuata ofisini, uso umemshuka.

"Ulijuaje habari za Stephano?"

"Aliniamkia akidhani mimi ni padri! Kwani wewe..." Siwema akasita. "Damiano. Wewe ulijua?"

"Aliniambia kwa siri."

"Ulijua mzee haoni, ukamwacha amesimama kwenye mkanda?"

"Nilikuwa namshawishi aje akwambie mwenyewe. Alikuwa amekubali. Angesema leo, mezani."

"Na kama mkanda ungemkata mkono wiki iliyopita?"

"Hilo halijaniacha nilale, Siwema. Lakini wewe umemhamisha kama gunia! Mbele ya watu! Tumekaa miezi yote hii tunafanya nini?"

"Nilimwokoa!"

"Ulimwamulia."

Walisimama wakihema, na kibaya zaidi ni kwamba wote wawili walikuwa na haki. Nje watu walikuwa wakiondoka, na kila hatua iliyosikika changaraweni ilikuwa kama msumari.  Siwema alihitaji neno moja tu la kushikilia.

"Damiano, unanipenda?"

"Kwa nini unauliza leo?"

Lilikuwa swali la mazoea tu, la mtu aliyezoea kazi yake. Siwema alilisikia kama mlango unaofungwa.

"Toka," alisema. "Toka na maswali yako."

Siku zilizofuata hazikuwa na ladha. Magunia ya kahawa yalipanda getini hadi yakaziba njia. Wakulima walipiga simu, wanunuzi walipiga simu, Mzee Wilfred alikuja mwenyewe, akakataa hata chai.

"Mwanangu, watu hawarudi. Wanasema hawawezi kumwamini kocha anayelala na siri zao, nisamehe kwa lugha. Bodi inakaa Alhamisi. Mmoja wenu ataondoka, na usipopatikana ufumbuzi, mtaondoka wote."

Siwema alimpigia Damiano. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akaandika ujumbe, akaufuta. Akisikia harufu ya ugali aligeuza uso. Mama yake akapiga kutoka Liuli.

"Sauti yako imefanyaje, we binti?"

"Mafua, mama. Baridi."

"Mafua hayalii."

"Mama, niache."

"Sijakushika. Lia tu, lakini ule."

Alikaa sakafuni mwa ofisi yake, mgongo ukutani, mwanamke aliyetisha wanaume wazima kwa jicho moja, akalia mpaka kitenge kikalowa magotini. Kazi aliyoitafuta kwa meno inaondoka. Mtu pekee aliyemwona nyuma ya ule ukali anaondoka. Na chanzo ni yeye na mdomo wake.

Jumatano asubuhi alikuwa njiani kwenda kiwandani kukabidhi funguo aliposikia mngurumo. Akadhani ni masikio yake. Akakimbia na mabuti yake mpaka getini. Mashine zilikuwa zinafanya kazi! Akina mama walikuwa dirishani, vumbi la maganda linaruka juani.

"Aurelia! Kumetokea nini?"

Aurelia hakuinua macho kwenye kahawa. "Kocha ametuita alfajiri. Amesimama pale getini, amevua kofia, ametuambia ni kweli, yeye ndiye aliyekutobolea siri ya baba Stephano. Wewe huna kosa, ulipewa maneno ukayafanyia kazi. Ameomba radhi. Ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Mbamba Bay. Anangoja meli ya kwenda Kyela. Aende tu."

Siwema alishika ukuta. Kazi yake ilikuwa imerudi. Ilikuwa inanguruma mbele ya macho yake, na kila mzunguko wa mkanda ulikuwa unazungushwa na uongo. Kocha anayetoboa siri ni kama mganga anayetangaza wagonjwa, hakuna atakayempa kazi tena, Songea wala Dar es Salaam. Damiano alikuwa amejitupa motoni, tena bila kumuuliza mtu.

Safari hii simu ilipokelewa.

"Umewadanganya watu," alisema Siwema.

"Mashine zinanguruma?"

"Damiano!"

"Zinanguruma, au hazingurumi?"

"Ulikaa na nani ukaamua hivi? Niambie. Ulikaa na nani?"

Upande wa pili ulisikika upepo wa ziwani, na mtu akiuza karanga.

"Sikukaa na mtu," alisema Damiano mwisho.

"Mwalimu wa kuamua pamoja! Kutwa kucha tuulizane, tusikilizane, halafu maisha yangu unayaamua peke yako getini alfajiri!"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana watu huulizana!"

 Damiano akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko umri wake, "Meli ni kesho alasiri, Siwema. Baki na kiwanda chako. Angalau kimoja kibaki." Simu ikakatika.

Angeweza kunyamaza. Wengi wangenyamaza. Angefanya kazi yake, angezeeka vizuri, na kila Ijumaa angekula na watu wanaomheshimu kwa jambo ambalo si kweli. Lakini ukweli nao ulikuwa na mwenyewe. Kuusema ilikuwa ni kumwanika Stephano mbele ya wenzake, mzee aliyemwamkia mwanamke kama padri. Siwema alimkosea mara moja kwa kumwamulia. Hakutaka mara ya pili.

Akaenda nyumbani kwa Stephano, akakaa kwenye kigoda cha chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani?"

"Siwema."

Uso wa mzee ukafunga. Siwema akamweleza yote, kanisa, koti, salamu. Stephano alisikiliza bila kupepesa. Mwishowe akanong'ona, "Kwa hiyo ile Milele amina..."

"Ilikuwa yangu, baba."

"Nami nikasema padri ana mafua."

Hakucheka. Akainamisha kichwa. "Na yule kijana nimemlaani, mimi. Nimemlaani kwa jina la baba yake."

"Nataka kuwaambia wenzako ukweli. Lakini jambo hili ni lako. Ukisema hapana, nitanyamaza, na yeye ataenda zake na uongo wake."

Mke wa mzee akachungulia kutoka jikoni, akarudi. Siwema aliubana ulimi kwa meno. Kila kitu ndani yake kilitaka kumsihi, kumpigia magoti, kumwambia meli, baba, meli. 

"Hapana," alisema Stephano.

Siwema akafumba macho.

"Hapana, hutasema wewe. Nitasema mwenyewe."

Asubuhi ya Alhamisi meneja alileta sufuria ya ugali na ya samaki, akaziweka mezani ingawa haikuwa Ijumaa, akaomba mashine zizimwe. Akasema kwa ufupi: kocha hakumwambia kitu, alijionea mwenyewe, na kosa la kumhamisha mzee bila kumuuliza ni lake peke yake.

"Unamtetea bwana wako!" alidakia Aurelia, na makelele yakazuka.

Ndipo Stephano aliposimama, akishika ukingo wa meza. Akasimulia. Alipofika kwenye "Tumsifu Yesu Kristu, padri," kijana mmoja akapaliwa na ugali. Mwingine akaangua kicheko. Mzee mwenyewe akaanza kutikisika mabega, na mwisho kiwanda kizima kikacheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebeba kitu kizito wakapata mahali pa kukitua.

"Sasa nipeni ruhusa nikatibiwe macho hospitali ya Litembo," alisema akijifuta machozi. "Nikirudi ndiyo mniulize nataka kufanya kazi wapi."

Siwema akadhani mambo yameisha. Akajinyanyua kidogo benchini, ufunguo wa pikipiki mkononi.

"Bado, meneja," alisema Aurelia. Hakuwa anacheka tena. "Kocha tumemwonea, tutamwomba radhi. Lakini naye ametudanganya. Hata kama ni uongo wa mapenzi, ametudanganya, tukauamini. Tena kocha na meneja wakila sahani moja, sisi ya meneja tutamwambia nani? Mimi naona asirudi hapa kufundisha."

Watu wakatikisa vichwa kukubali, mmoja baada ya mwingine. Mzee Wilfred, aliyekuwa amekuja kusikia kabla bodi haijakaa, naye akatikisa, akasema ataiambia bodi hivyo hivyo, na kwamba meneja abaki. Siwema alitazama sura zile. Zamani angepiga meza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno: mimi ndiye meneja hapa. Akalimeza, likashuka kama mwiba wa samaki.

"Nimesikia," alisema. Naye akajua kwamba Aurelia ana haki, na kwamba haki hiyo inamkata.

Aliwasha pikipiki ya kiwanda, akashika barabara ya ziwani. Juu bado ukungu, vidole vinaganda kwenye usukani. Barabara ikaanza kuporomoka, kona juu ya kona, na joto likapanda kumlaki. Akavua koti, akalifunga nyuma. Akavua sweta. Akavua skafu. Alipoliona ziwa kwa chini, limelala buluu mpaka milima ya Malawi, alikuwa na gauni jepesi tu na machozi yaliyokauka kwa upepo. Na meli aliiona pia, ndogo kama kiberiti, gatini, moshi unatoka.

Mbamba Bay ilinuka dagaa waliotandazwa juani. Wapagazi walikuwa wanamalizia magunia ya mahindi. Siwema aliiacha pikipiki imelala mchangani, akapenya kati ya watu, akipigana vikumbo na mabeseni na kuku na mikungu ya ndizi, akitafuta shingo moja ndefu. Aliiona karibu na ngazi.

"Damiano!"

Aligeuka. Begi likamtoka mkononi. Macho yalikuwa mekundu, ndevu hazijanyolewa, mwanya hauonekani.

"Umefuata nini huku? Kiwanda..."

"Nimewaambia ukweli. Stephano ameusema mwenyewe, kwa ridhaa yake."

"Siwema! Bodi itakufukuza!"

"Hawajanifukuza. Wamecheka, wamenisema, wamenibakiza."

"Na mimi?" Aliuliza taratibu, kama mtu anayegusa kidonda chake. "Wamesemaje kuhusu mimi?"

"Wanakuomba radhi. Na wamesema kazini hurudi."

Aliinamisha kichwa. Mpagazi akapita kati yao na gunia, akapiga kelele ya kuomba njia. Siwema akangoja apite.

"Ndivyo walivyoamua, nami nimekubali," alisema. "Nyumbani kwangu hawana kauli."

Damiano alimtazama.  "Nakupenda," alisema. "Nilipaswa kukujibu siku ile ile. Nilijificha nyuma ya kazi, niliogopa. Nakupenda, na nilidhani nikiondoka nitakuwa nimekupa kitu."

"Ulinipa jeneza, mpenzi. Limepambwa maua, lakini jeneza."

Akalia na kucheka kwa pamoja, Mmatengo yule, akamkumbatia mbele ya bandari nzima. Mama muuza dagaa akapiga vigelegele bila kuombwa.

"Siendi Kyela," alisema kwenye nywele zake. "Nashusha mizigo."

Siwema akajitoa kifuani mwake. "Unaanza tena. Huko Kyela wanakungoja akina nani?"

"Mameneja wa viwanda vya mpunga. Niliwaahidi hadi Novemba."

"Wamekuamini?"

"Wameniamini kabla hawajasikia chochote."

"Basi ukiwaacha, yale ya uongo yatakuwa kweli." Ilimuuma kusema. Ilimuuma hasa. "Na mimi siwezi kuondoka, msimu haujaisha. Nataka ubaki.  Sasa wewe useme unachotaka, halafu tuamue."

Walibishana pale pale, juu ya begi, huku baharia akipiga mbinja. Damiano alitaka arudi Oktoba, Siwema akasema mtu haachi kazi nusu. Siwema alitaka harusi Liuli, yeye akasema mama yake aliye Litembo hatelemki mlima kwa ajili ya mtu, hata awe askofu. Walipofika mahali wote wawili wamepoteza kidogo, wakapeana mikono. Ikawa imeamuliwa: kurudi Novemba, harusi Litembo. Damiano akatoa simu, akampigia baba yake mdogo, Sixtus, kule Litembo, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Nasikia unakimbia nchi!"

"Narudi Novemba, baba. Naomba mtume mshenga Liuli. Nimepata mchumba."

"Liuli? Mnyasa?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanglikana?"

"Ndiyo, baba."

"Haya, tutakula samaki mpaka tuote magamba." Kikohozi kikapita. "Sasa sikiliza. Huyo binti mmekaa naye mkapatana, au umejiamulia tu kama kawaida yenu vijana wa shule?"

Damiano akamsogezea Siwema simu.

"Shikamoo, baba," alisema Siwema. "Tumepatana. Tumegombana kwanza, halafu tumepatana."

"Afadhali. Wasiogombana, mmoja wao huwa amelala. Karibu nyumbani, mwanangu."

Meli ikapiga honi. Damiano alimshika uso kwa viganja viwili, akatazama kama anayekariri somo, kisha akapanda ngazi kwa mbio kwa sababu angepanda polepole asingepanda. Maji yakapanuka kati yao, kijani, kisha buluu. Alisimama nyuma ya meli akipunga shati zima, si mkono, mpaka akawa kitone.

Siwema alibaki pale pale hadi mawimbi ya meli yalipofika miguuni mwake na kuingia mabutini. Alikuwa analia tena. Lakini kilikuwa kilio cha mtu anayejua anamngoja nani, na kilio cha namna hiyo, jamani, hakimuui mtu.